Mzee Pasi na Mfuko wa Kifuani

Kama uliwahi kwenda ofisi ya maji ya mji ule kulalamikia bili, huenda ulihudumiwa na karani mmoja mrefu, mwembamba, ambaye kabla hajakuuliza namba ya mita yako alikuwa ameshaitazama kola yako na kukuonea huruma. Huyo ndiye Mzee Pasi. Jina hilo hakupewa na wazazi wake, lakini mjini hakuna anayelikumbuka lile walilompa. Alibandikwa na makarani wenzake wiki ile umeme ulipokatika, watu wote wakaja kazini na nguo zilizojikunja kama zimetafunwa na ng'ombe, yeye peke yake akaja amenyooka. Walipomuuliza siri yake, alisema hulaza suruali chini ya godoro, kisha hulala juu yake kwa adabu, bila kugeukageuka. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wala hakuna aliyemuiga.

Na hivyo ndivyo mambo yalivyomwendea siku zote. Watu walimcheka, walimpenda, walimsalimia kwa jina lake la kubandikwa, na hawakumfuata hata kidogo.

Ofisi ya maji ilimlisha mpaka alipostaafu, lakini kazi aliyoipenda ilikuwa nyingine. Kila Jumamosi, kwa miaka ambayo ilimtosha mtoto kuzaliwa, kusoma na kuota ndevu, aliandika safu katika gazeti la mji, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya viwanja. Safu iliitwa "Mwanamume na Vazi Lake". Humo aliwafundisha wanaume kwamba tai huishia kwenye mkanda, haishuki kwenda kutafuta magoti. Kwamba soksi si kitu cha siri, maana ukikaa zitaonekana, na ukigombana nazo asubuhi zitakuaibisha mchana. Kwamba suruali ikiwa ndefu hupunguzwa kwa fundi, haikunjwi kwa pini za ofisi. Aliandika kwa ukali wa mjomba aliyekuja kukaa siku mbili akakaa mwezi.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuuvunja. Hakuandika kitu ambacho hajakivaa. Kwanza alivaa, halafu akasimama mbele ya kioo kirefu cha chumbani, karatasi kwenye ubao mkononi, akamtazama yule mwanamume wa kwenye kioo kuanzia nywele mpaka kisigino, akaandika alichokiona. Mkewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, akitaka kuingia kuchukua miwani yake, alibisha hodi kwanza.

"Mpo wangapi humo?" aliuliza.

"Ninafanya kazi, mama watoto."

"Haya. Msalimie mwenzako."

Basi siku moja mhariri wa gazeti akamwita ofisini. Mhariri huyo alikuwa mwanamke ambaye Mzee Pasi angeweza kumzaa, tena kati ya watoto wa mwisho mwisho, na kwa sababu hiyo alimheshimu sana mzee, na habari mbaya alimletea kwa kuzunguka.

"Karibu ukae, mzee wangu. Utakunywa chai?"

"Humu ndani mtu akikaribishwa chai, anafukuzwa."

"Hufukuzwi," mhariri alisema, akashika kalamu na kuiweka tena. "Ukurasa ndio unaondoka. Tunaweka mambo ya simu. Watu wanataka kujua simu gani inakaa na chaji."

Mzee Pasi aliitazama blauzi ya mhariri, akaona imepigwa pasi vizuri, akamsamehe nusu. "Kwa hiyo nimeshindwa na simu," alisema.

"Tumeshindwa sote, mzee. Mimi mwenyewe nikitembea sioni mtu ananunua gazeti, naona vichwa vimeinama tu. Lakini nataka makala yako ya mwisho iwe kubwa. Nitakupa nusu ukurasa, Jumamosi hii. Waage wasomaji. Tuambie miaka yote hii umebadilisha nini."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, kama mtu anayempa mgeni mto wa kuegemea. Lakini swali lile lilimkwama Mzee Pasi kooni kama mwiba wa samaki. Alimaliza chai, akashukuru, akashuka ngazi akijiuliza. Umebadilisha nini?

Alirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima aliwakagua wanaume. Mbele ya benki alisimama mlinzi ambaye mkanda wake ulimzunguka mara moja na nusu. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipita na tai fupi iliyokomea juu ya kitovu, ikakiacha kitovu kijitetee chenyewe. Daktari wa meno alivaa viatu vya kahawia na mkanda mweusi, jambo ambalo Mzee Pasi alikuwa amelikemea mara nyingi kiasi kwamba aliona ni matusi ya makusudi. Wote walimpungia mkono. Wote, ukiwauliza, wangesema wanaisoma safu yake.

Lakini lililomkera kuliko yote lilikuwa mfuko. Kwingine kote alikowahi kufika au kusikia habari zake, ule mfuko mdogo wa kifuani wa koti la mwanamume hukaa upande wa kushoto. Katika mji ule ulikaa kulia. Mwanzoni, alipoona koti moja moja la namna hiyo, alidhani ni fundi fulani asiyejua kazi. Kisha ofisi ikampeleka mafunzoni mji mwingine, akakaa ukumbini na watu wenye mifuko yao kushoto, akarudi nyumbani, akatazama huku na huku, akaona ugonjwa umeenea. Tangu siku hiyo alitangaza vita. Safu yake iliuliza, mwaka hata mwaka: ni nani aliyewaroga wanaume wa mji huu? Ni fundi gani mlevi aliyeanza jambo hili, na ninyi mkamfuata kama kondoo? Wanaume walisoma, wakacheka, wakaenda kushonewa mifuko kulia.

Mkewe alimpokea mlangoni, akaona uso.

"Wamekufukuza?"

"Ukurasa ndio umefukuzwa. Mimi nimekunywa chai." Alivua koti, akalitundika, akalinyoosha mabega. "Nikuulize kitu, mama watoto, halafu unijibu ukweli. Miaka yote hii, yupo mwanamume hata mmoja aliyebadilika kwa sababu yangu? Mmoja tu."

Mwalimu wa hesabu alifikiri. Alikuwa mtu wa kutafuta jibu sahihi.

"Kaka yangu," alisema. "Zamani alikuwa anakuja hapa na ndala. Siku hizi haji."

Mzee Pasi hakucheka. Mkewe alipoona hakucheka, alijua jambo ni kubwa, akaacha utani, akamshika mkono. Lakini jina la mwanamume wa pili hakulipata.

Kesho yake Mzee Pasi aliamua: makala ya mwisho itakuwa vita vya mwisho dhidi ya mfuko wa kulia. Kama hawakumsikia miaka yote, huenda wangemsikia akiwa anaondoka, maana hata mgonjwa husikilizwa zaidi anapoaga. Na jioni ya Jumamosi hiyo hiyo kulikuwa na arusi ya kijana wa nyumba ya pili. Angeenda na koti lake la zamani, lenye mfuko kushoto, watu waone mfano mbele ya macho yao. Koti lenyewe lilikuwa limechanika bitana kwapani, kwa hiyo alilikunja akalipeleka kwa fundi.

Fundi huyu waliitana ndugu. Mjini aliitwa Chaki, kwa sababu kipande cha chaki hakikumtoka nyuma ya sikio, na wengine walisema hulala nacho. Chumba chake kilikuwa chembamba, cherehani mbili, meza ya kukatia nguo iliyolika pembeni kwa mkasi, na vipande vya kitambaa sakafuni ambavyo mtu aliviruka kama madimbwi. Alikuwa amesimama mbele ya koti la bluu iliyoiva, pini mdomoni.

"Nimesikia ukurasa wako unafungwa," alisema kwa pembe moja ya mdomo.

"Nani kakwambia?"

"Mji huu siri haikai mpaka chai ipoe. Pole, ndugu yangu. Sasa utakuwa unanigombeza kwa mdomo mtupu."

Mzee Pasi alilitazama lile koti la bluu. Lilikuwa limeshonwa vizuri ajabu, mabega yametulia, kola imelala. Na juu ya ziwa la kulia, mfuko.

"La nani hili?"

"La bwana arusi. Jirani yako."

"Mpaka koti la arusi, Chaki?"

"Hasa la arusi."

Mzee Pasi alivuta stuli, akaifuta kwa kitambaa, akakaa. "Sikiliza. Leo sikuja kugombana. Ninaandika makala ya mwisho, nataka kujua ukweli. Wewe umeshona humu tangu tukiwa vijana. Ni nani aliyeanza kuweka mfuko kulia?"

Fundi alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa shati lake.

"Unaniuliza au unanitania?"

"Ninakuuliza."

"Si wewe?"

"Mimi nani?"

"Wewe. Uliandika." Fundi alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake jina la mtaa anaokaa. "Ndiyo kwanza ulikuwa umeanza safu. Akaja mteja na gazeti, amelikunja hapo hapo, akaniwekea kidole. Mfuko wa kifuani ukae upande wa kulia, na kitambaa kichungulie kidogo tu, kisitoke kama ulimi wa mbuzi. Nikamwambia, kaka, mfuko ni kushoto. Akaniuliza, kati yako na mtu wa gazeti nani anajua? Nikashona. Kabla sijamaliza lake, akaja mwingine. Mwisho nikachoka kubishana, nikakata upya karatasi zangu za kupimia. Mafundi wenzangu wakaona kwangu, wakajua ni mtindo umeingia."

"Mimi siwezi kuandika upuuzi kama huo."

"Ya ulimi wa mbuzi pia huwezi kuiandika?"

Ulimi wa mbuzi ulikuwa wake, hilo Mzee Pasi alilijua, alikuwa ameutumia mahali pengi.

"Na nilipoanza kuwatukana," alisema taratibu, "mwaka hata mwaka, fundi mlevi, kondoo, mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unatania. Wewe si mtani? Kila ukiandika ni fundi gani mlevi, sisi hapa tulikuwa tunasomeana kwa sauti. Tunasema, mzee huyu anajua kujitukana, mpaka raha." Kisha fundi aliuona uso wa rafiki yake, akaacha kucheka. "Kumbe ulikuwa hujui?"

"Shona bitana," Mzee Pasi alisema, akaliacha koti mezani, akatoka.

Sasa, Mzee Pasi hakuwa na tabia ya kuhifadhi makala zake. Alisema mwandishi anayejikatia vipande vyake na kuvibandika ni sawa na mtu anayejipigia makofi. Lakini aliishi na mwalimu, na mwalimu hatupi karatasi. Miaka yote magazeti yale yalitandikwa kwenye rafu za kabati, chini ya nguo, tabaka juu ya tabaka, mashati yakalala juu ya maneno ya mwenye mashati. Alipofika nyumbani alianza kutoa nguo na kuzirundika kitandani. Mkewe alisimama mlangoni.

"Unahama?"

"Ninatafuta kosa. Chaki anasema ni langu."

Mwalimu akaingia kusaidia, maana kutafuta kosa ilikuwa kazi yake ya miaka thelathini.

Walikaa sakafuni, mchana kweupe, dirisha wazi, wakasoma. Na Mzee Pasi alikutana na mtu aliyekuwa yeye. Hapa alisifu suruali pana kwamba zinaupa mguu nafasi ya kupumua. Pale, miaka michache mbele, aliziita mahema yanayotembea. Viatu vya ncha kali alivipiga marufuku, akaviruhusu, akavipiga marufuku tena bila kutoa sababu. Mahali fulani aliahidi kwamba kofia zitarudi kabla ya mwaka kwisha. Mkewe alizisoma kwa sauti ya darasani, akiweka alama ya kosa hewani kwa kidole.

Lakini kulikuwa na moja ambayo mkewe hakuiwekea alama ya kosa. Ilihusu mtu aliyerithi koti la baba yake. Mzee Pasi alikuwa ameandika: Usikimbilie kulipunguza. Livae kwanza likiwa kubwa, ulione lilivyokuelemea mabegani, ujue alikuwa na mwili gani yule aliyekubeba. Fundi yupo, hakimbii. Mzee Pasi hakuikumbuka kabisa. Aliishika mbali kidogo na macho, akajiuliza ni nani aliyempa maneno yale, na kama yupo aliyeyasoma akalivaa koti la baba yake likiwa kubwa. Aliona huzuni ya kweli, kwa sababu hangejua kamwe.

Ile waliyoitafuta ilikuwa rafu ya chini kabisa, chini ya soksi, imekuwa ya njano. Mkewe aliisoma kwanza, akampa, akajiuma mdomo. Mzee Pasi akasoma. Mfuko wa kifuani ukae upande wa kulia. Jina lake chini yake, kwa herufi nzito.

"Nilikuwa nimelewa?" aliuliza.

"Hunywi. Ungelewa ungekuwa na sababu." Mwalimu alimwinua, akamsimamisha mbele ya kioo, akamgusa kifua upande wa kushoto. "Huyo mbele yako, ukimhesabu kuwa ni mtu mwingine amekuelekea, upande nilioushika ni wake upi?"

Mzee Pasi alimtazama yule mwanamume wa kwenye kioo.

"Wa kulia," alisema.

"Ndiyo hivyo. Hukujiandika wewe. Ulimwandika huyo mwenzako." Na hapo mwalimu alishindwa kujizuia, akakaa juu ya rundo la mashati yaliyopigwa pasi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kikulacho ki nguoni mwako. Wahenga waliutunga msemo huo, wakauweka, wakawa wanakusubiri wewe."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mumewe hakutegemea pole. Aliirudia ile makala mara nyingine, akatafuta mahali pa kujitetea, akakosa.

"Lakini tazama," mkewe alisema alipopata pumzi. "Jana ulikuwa unatafuta mwanamume mmoja. Umepata mji mzima."

"Wamenifuata kwenye kosa."

"Wamekufuata."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Akinyamaza, ataondoka kama mtu aliyeheshimiwa na asiyefuatwa na yeyote, mzee nadhifu aliyepiga kelele jangwani. Akisema, ataondoka kama mtu aliyeuvisha mji mzima, na aliyeuvisha vibaya, kisha akautukana kwa kumtii. Hakuna njia ya kuuchukua ule ushindi bila kuuchukua ujinga uliokuja nao. Na alikuwa na majivuno yake, tusimfiche, mtu hanyooshi kamba za viatu kwa pasi kama hana majivuno.

Siku mbili alizunguka nyumba. Ya tatu alikaa kwenye meza ya jikoni, amevaa fulana na suruali ya kulalia, nywele hazijachanwa, mbali na kioo, akaandika kwa mara ya kwanza bila kuvaa. Ilianza hivi: Ndugu wasomaji, yule fundi mlevi tuliyemtafuta miaka yote hii amepatikana. Hanywi, wala hajui kushona. Ni mimi. Akaeleza kioo, akaeleza kulia na kushoto, akamwomba radhi kila fundi wa mji kwa jina lake la kazi, akaomba wanaume warudishe mfuko mahali pake. Mwisho akaandika kwamba anashukuru, kwa sababu mtu hufuatwa hata pale alipodhani hakuna anayemtazama.

Mhariri alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena.

"Una uhakika, mzee wangu? Hii ikitoka, hairudi."

"Chapa," alisema Mzee Pasi.

Jumamosi asubuhi alikaa sebuleni akisubiri aibu. Alikuwa amejiandaa nayo, amevaa kabisa, maana aibu nayo ni mgeni. Haikuja. Mchana alitoka mwenyewe kwenda kuifuata. Muuza duka alimpa mkono, akasema, "Mzee, leo umetunga. Nimecheka." Mlinzi wa benki alisema ile ya kioo imempita kidogo lakini ni tamu. Daktari wa meno alisimama katikati ya barabara kumwambia kwamba huo ndio utani bora alioandika maishani, na mkanda wake mweusi ulimkalia palepale juu ya viatu vya kahawia.

"Si utani," alisema Mzee Pasi.

"Ndiyo uzuri wake," alisema daktari.

Jioni walikwenda arusini. Ukumbi ulijaa, viti vya plastiki vimevishwa nguo nyeupe, na wanaume wote walikuwa wamevaa makoti, na makoti yote mifuko kulia. Mzee Pasi aliingia na lake, bitana mpya, mfuko kushoto. Watu walimtazama kwa upole, kama wanavyomtazama mtu aliyesahau kufunga zipu. Mama mmoja alimnong'oneza mkewe kwamba koti la mumewe limegeuzwa na fundi, akaliangalie.

Baba wa bwana arusi, dereva mstaafu wa malori, mtu wa sauti kubwa na moyo mkubwa, aliwakaribisha kwenye meza yake. Hakusubiri hata watulie.

"Mzee Pasi, nimesoma. Sasa mimi na wewe ni majirani, nikwambie ukweli. Hapo umejikweza."

"Nimejikweza vipi? Nimesema nilikosea."

"Umesema umetuvisha. Wewe? Mfuko wa kulia ni wetu, tangu na tangu. Babu yangu mimi alikuwa na koti la mfuko kulia."

"Babu yako alikuwa na koti?"

Meza ikacheka. Baba wa bwana arusi alicheka pia, lakini hakurudi nyuma. "Nimeendesha lori miaka mingi. Nikifika mji wa mbali, nikamwona mtu kwenye kituo cha mafuta na mfuko kulia, najua huyu wa kwetu, namsalimia, nakula naye. Jambo kama hilo haliwezi kutoka gazetini. Ni asili." Mwingine akasema moyo uko kushoto, kwa hiyo kitambaa huwekwa kulia kisije kikaubana. Wa tatu akasema aliambiwa na marehemu shangazi yake sababu nyingine, iliyo ndefu. Kila mmoja alikuwa na yake, na wote waliitoa kwa Mzee Pasi kwa huruma, kama wanaomfundisha mgeni.

Mzee Pasi alikuwa amejiandaa kuchekwa. Hakuwa amejiandaa kunyang'anywa kosa lake. Alimtazama mkewe, na mkewe, ambaye angeweza kuwathibitishia wote kwa hesabu, alimshika goti chini ya meza na kumwekea chakula.

Ndipo bwana arusi mwenyewe akaja mezani, anatembea upesi, jasho kwenye paji la uso. Alikuwa kijana aliyezaliwa miaka ile safu ilipoanza, Mzee Pasi alimkumbuka akiwa uchi anakimbizana na kuku wa jirani. Mpiga picha alikuwa anasubiri, bibi arusi amekwishasimama, na kitambaa cheupe cha mfukoni kimezama chote ndani.

"Baba, nisaidie," kijana alisema, naye hakumwambia baba yake, alimwambia Mzee Pasi. "Wewe ndiye unayejua mambo haya. Sitaki kuonekana ovyo leo. Nimekuwa nasoma makala zako tangu nikiwa shule, lakini kitambaa hiki kimenishinda."

Mzee Pasi alisimama. Alikitoa kitambaa, akakikunja juu ya kiganja, pembe mbili na moja, akakirudisha mfukoni polepole, kikachungulia kidogo tu. Chini ya vidole vyake, ndani ya kifua cha kulia cha koti la bluu, alisikia kijana anavyopumua. Alirudi nyuma hatua moja, kama alivyozoea, akamkagua kuanzia nywele mpaka kisigino. Meza nzima ilingoja, maana hakuna aliyewahi kukaguliwa na Mzee Pasi akapita. Furaha ilikuwa imemjaa.

"Mfuko uko sawa?" kijana aliuliza. "Upo mahali pake?"

"Upo mahali pake kabisa," alisema Mzee Pasi.